Betri Apanda Mnara wa Admeri

Benchi lenyewe liko nje ya duka la mikate la Cattlebourne, limeegemea ukuta wa mawe unaoota jua la asubuhi, na ukikaa pale huwezi kuukwepa mnara. Uko juu ya kilima, umesimama peke yake kama kichupa cha pilipili kilichosahauliwa mezani, ukumbusho wa Admeri Yeatman aliyepigana baharini enzi za meli za matanga. Wenye benchi ni watatu. Gwen Stickland, aliyekuwa akiendesha posta, huitwa Hakimu, maana hapo kijiweni ubishi haufungwi mpaka yeye aseme umefungwa. Ivor Legg huitwa Redio, na anayemsikiliza kwa muda mfupi tu haulizi kwa nini. Reg Samways alikuwa Reg tu hadi majira ya baridi yaliyopita, madaktari walipomwekea kijimashine chini ya ngozi ya kifua ili kuusaidia moyo wake. Tangu hapo ni Betri. Alilicheka jina hilo pamoja na wenzake, lakini tangu hapo pia hakuwahi kutembea kupita geti la kanisa. Daktari alimwambia atembee. Yeye aliogopa, na hakumwambia mtu.

Jumamosi hiyo Gwen alimimina kahawa kutoka kwenye chupa yake, na Redio akawaka.

— Yule Admeri alikuwa mfupi, nawaambieni. Mfupi wa kupitiliza. Manowarini walikuwa wanamsimamisha juu ya pipa ili amwone adui. Mjane wake akaona uchungu, akamjengea kitu kirefu.

— Mjane gani? alisema Gwen. Mkewe aliujenga Admeri mwenyewe akiwa bado hai. Alitaka kuona meli inaingia, na aone mume anashuka na nani.

Reg akapuliza kahawa yake.

— Wote mmepotea njia. Yule bwana alikuwa akiona maji anatapika. Vita vyake vyote kapigana na ndoo mkononi. Akaacha wosia: nikifa niwekeni mahali bahari isiponifikia.

— Fiksi hizo, Betri.

— Na zako ni nini, Ivor?

— Zangu sijamaliza. Hebu kitazame kile kilima, kimechongoka huku na huku. Ile ni meli. Waliikokota kwa ng'ombe kutoka pwani wakaifukia nzima. Mnara ni mlingoti wake. Admeri yuko chini humo, kashika usukani, anasubiri amri.

— Amri ya nani?

— Hiyo ndiyo siri ya serikali, Hakimu.

Mwanamke mmoja alikuwa ametoka dukani na mkate kwapani, akasimama kuwasikiliza. Alikuwa Bronwen Probert, mama wa makamo aliyehamia kijijini juzijuzi kutoka Wales.

— Samahanini, alisema. Mtu akiwa juu kule, anaona nini?

— Ufaransa, alisema Ivor bila kusita.

— Ufaransa ya wapi? Anaona mnara wa kanisa kuu la Salisbury, alisema Gwen.

— Anaona bahari tu, alisema Reg.

Bronwen akawatazama mmoja mmoja.

— Nani kati yenu amewahi kupanda?

Kahawa ikanywewa. Ivor akakagua kamba za viatu vyake. Mwishowe Gwen ndiye aliyesema.

— Nimezaliwa chini ya ule mnara. Kila mwaka nasema nitapanda mwaka huu.

— Leo wamefungua mpaka adhuhuri, alisema Bronwen. Bendera iko juu. Twendeni basi.

Gwen akafunga chupa. Ivor akasimama, akamshika Reg bega kwa huruma.

— Wewe mzee mwenzangu tulindie benchi.

Neno hilo lilimchoma Reg kuliko sindano zote za hospitali. Alisimama.

— Benchi limelindwa na ukuta siku zote.

— Betri, usituletee msiba.

— Daktari alisema nitembee, mradi tu niwe bado naweza kuongea.

Gwen alifikiri kidogo, akatoa hukumu.

— Basi utaongea njia nzima. Ukinyamaza, tunageuza.

Walipita geti la kanisa, na Reg alikuwa akiongea. Walipanda malisho ya kondoo, akaongea. Alieleza jinsi Admeri alivyofuga bata ndani ya buti, jinsi alivyomwoa mwanamke mmoja mara mbili kwa kusahau. Ivor alimpinga kila neno ili asipate nafasi ya kukoma. Bronwen alicheka mpaka akauhamisha mkate kwapa la pili.

Kwenye wigo wa juu, Reg akanyamaza.

Wote wakasimama. Upepo ulikuwa mkali, na yeye alikuwa ameshika ubao wa wigo, kichwa chini, mkono kifuani juu ya kile kijimashine. Alikuwa akiusikiliza moyo. Alitegemea kusikia kitu kibaya. Ulikuwa unadunda haraka, lakini sawasawa, kama farasi anayejua njia.

— Turudi, Reg, alisema Gwen kwa sauti ndogo. Hakumwita Betri.

— Yule bata, alisema Reg. Sijawaambia yule bata alipandishwa cheo.

Wakaendelea.

Mlinzi wa mnara, kijana mwenye kofia ya sufu, aliwaonya kwamba ngazi ni nyembamba na zinazunguka. Mle ndani mlikuwa na giza na baridi ya jiwe. Bronwen alitangulia, Gwen akafuata, kisha Reg, na Ivor nyuma, tumbo likikwaruza ukuta. Reg alikuwa fundi wa mapaa ya nyasi miaka yote ya kazi yake, na miguu ikaanza kukumbuka: kanyaga, pumzika, kanyaga. Hakuna aliyemwambia aongee, naye hakuongea. Hakuwa na haja.

Kisha mwanga ukamwagika, na upepo ukampiga usoni.

Bahari ilionekana yote, kutoka ukingo hadi ukingo, inang'aa kama bati jipya. Ufaransa haikuonekana, wala Salisbury. Lakini upande wa pili mabonde yalijipanga moja nyuma ya jingine, na Cattlebourne ililala chini kama kitu kilichowekwa viganjani. Gwen alikuwa analia bila kujificha.

Ivor alitokeza mwisho, uso mwekundu, akashika ukuta kwa mikono miwili. Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

— Mtazameni, alisema Reg. Redio imezimika.

Wakacheka wote, Ivor naye kwa kupunga mkono tu. Reg akaanza kuwaonyesha mapaa kwa kidole. Lile la nyumba ya kasisi aliliezeka yeye. Lile lenye tausi wa nyasi kileleni, yeye pia, siku za joto kali, bila shati.

Kengele ndogo ikalia chini, na sauti ya mlinzi ikapanda ngazini: wakati wa kufunga umefika, tafadhali washuke.

— Twende, Reg, alisema Gwen.

Reg aliweka viwiko juu ya ukingo wa jiwe.

— Mwambie asubiri, alisema. Bado nipo kwenye mapaa ya upande wa mashariki tu.