Kaki la Juu na Ukuta wa Satoru

Njia ya basi ya Urazaki ilikwisha kufutwa, lakini benchi la kituo halikuambiwa. Liliendelea kukaa mbele ya duka la mchele lililofungwa, na ubavuni mwake mashine ya kuuzia kahawa ya makopo ikinguruma mchana kutwa kama paka aliyeshiba. Kila alasiri wazee walewale waliliketia kana kwamba safari bado ipo. Alikuwapo Mzee Morikubo, dereva wa mwisho wa basi lilelile, ambaye mji mzima ulimwita Breki kwa sababu alikuwa akisimamisha basi hata kwa paka. Alikuwapo Antena, aliyeuza na kutengeneza runinga mpaka watu walipoanza kutazama kila kitu kwenye simu. Alikuwapo Sumo, mwembamba kama kijiti cha kulia wali, aliyebandikwa jina hilo la wanamieleka wanene kwa dhihaka naye akalipenda. Na alikuwapo Bi Achari, mtengenezaji wa achari za figili, mwanamke ambaye ulimi wake ulikaa kwenye chumvi zaidi kuliko figili zake. Kutoka pale, juu ya mapaa mawili, ulionekana ua wa Breki: kilele cha ukuta wa mbao uliopinda kama wimbi, na kando yake mkaki, mti wa matunda matamu ya kaki, uliopukutisha majani yote, umebaki na tunda moja jekundu kileleni.

Siku hiyo Breki alikuja na jambo moyoni. Asubuhi, juu ya bakuli la supu, mwanawe Satoru alimwambia kwamba hatimaye ameitwa. Ameitwa kwenye yale mashindano ya runinga ambamo watu wazima hukimbia juu ya magogo yanayozunguka, hurukia vyuma, hupanda kuta, na wengi wao huishia kwenye dimbwi la maji ya matope. Ukuta wa kujifunzia alishaujenga. Sasa alihitaji mnara wa kufungia kamba ndefu ya kupanda, na uani palibaki pahali pamoja tu pa kuusimamisha: pale ulipo mkaki. Mtu mwenye msumeno wa injini angeweza kuja kesho. "Utaniambia jioni, baba," alisema Satoru, akaenda zake kituo cha mafuta anakofanya kazi.

Mkaki ule ulipandwa na Fumie, mke wa Breki, ambaye sasa ni picha juu ya kabati.

Breki alikuwa ameliwaza jambo hili tangu asubuhi kwa akili ya kidereva: barabara ni mbili tu. Kama kijana anafuata hela, basi ni biashara, na mti hukatwa kwa biashara kila siku. Kama hafuati hela, ni wazimu, na mti haukatwi kwa wazimu. Kilichobaki ni kujua lipi ndilo. Akanunua kopo la kahawa ya moto, akalishika kwa mikono miwili kupasha vidole, akaanza.

— Hivi mtu anayekwenda kwenye yale mashindano ya kuruka na kuning'inia, huwa anafuata hela au anafuata nini?

— Mtu gani? akauliza Antena.

— Mtu tu.

— Mtu tu mwenye ukuta nyuma ya nyumba yako, akasema Bi Achari. Ule unaopiga puu, puu kila jioni mpaka figili zangu zinatikisika kwenye mitungi.

— Huyohuyo, akasema Breki.

Antena akavuka mguu mmoja juu ya mwingine, kama afanyavyo anapotaka kuwaelimisha.

— Hela. Swali gani hilo, bwana? Mtu mzima haning'inii kama popo bure. Mimi runinga nimezifungua zote, najua kilichomo ndani.

— Vumbi, akasema Bi Achari.

— Hela gani, wakati hawafiki? akadakia Sumo. Wewe umemwona aliyefika mwisho?

— Mmoja mmoja.

— Mmoja mmoja ndiyo wangapi? Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Na pale chini wameweka kabisa dimbwi la kumngojea.

— Methali hiyo haihusu dimbwi, Sumo.

— Inahusu chini, Bi Achari. Kwani dimbwi liko wapi?

Bi Achari akanywa kahawa yake badala ya kumjibu. Sumo alilichukua hilo kuwa ushindi, akasogea mbele kidogo kwenye benchi.

— Na mimi nitawaambia kwa nini hawafiki. Usiku wa kuamkia mashindano vile vyuma vinapakwa mafuta. Mafuta ya kukaangia kamba wa baharini. Binamu yangu wa Tokyo alipita karibu na hapo, akasikia harufu.

— Binamu yako anauza kamba wa kukaanga, akasema Bi Achari. Atasikia harufu gani nyingine?

— Ndiyo maana anaijua.

— Basi kama wanapaka mafuta, akasema Antena, ni kwa sababu ipo hela ya kulindwa. Huoni unanisaidia? Lakini ngoja, jambo lina kina. Mtazame mtu anapoanguka. Linafuata nini?

— Analia, akasema Breki.

— Kwenye runinga linafuata nini?

Wakafikiri.

— Tangazo, akasema Sumo.

— Tangazo la nini? La plasta za mgongo. Anaanguka mmoja, plasta. Anaanguka wa pili, plasta za goti. Ile hela haitoki kwa wenye runinga hata kidogo. Inatoka kwa watengeneza plasta, na wao wanataka waangukaji. Mtu akifika juu, plasta hainunuliwi.

— Kwa hiyo mwanangu anaitwa akaanguke, akasema Breki.

— Mwanao ameitwa? akauliza Sumo.

Breki akagundua kwamba amejifungulia mlango mwenyewe. Akafunga breki, lakini gari lilikuwa limeshapita.

— Ameitwa. Barua ilikuja jana.

Hakuna aliyempongeza. Kwenye benchi lile pongezi zilikuwa kitu cha watu wa mbali. Antena alikohoa kidogo, na Sumo akauangalia ule ukuta juu ya mapaa kana kwamba umeongezeka urefu.

— Satoru, akasema Sumo. Si ndiye yule aliyeanguka kwenye ngazi ya hekalu akiwa amebeba mshumaa tu?

— Alikuwa mdogo.

— Alikuwa amemaliza shule, akasema Bi Achari. Lakini mimi nawaambia nyote hapa mmepotea njia. Hela, mafuta, plasta. Wale wanaume wanafuata kilio.

— Kilio cha nani?

— Chao wenyewe. Marehemu mume wangu hakudondosha hata chozi moja kwenye msiba wa mama yake. Alikaa pale kama jiwe la kukandamizia achari. Lakini akimwona muuza samaki wa kutoka kusini ameteleza kwenye gogo la tatu, na wenzake wamemzunguka wanamshika mabega, hapo alilia mpaka chai inapoa. Mwanaume wa nchi hii ana pahali pawili tu pa kulilia, bafuni na kwenye dimbwi lile. Bafuni hakuna wa kukushika bega. Zawadi yao ndiyo hiyo.

— Na ukiona vyaelea vimeundwa, akasema Sumo kwa heshima.

— Hapo umesema nini?

— Wakiangukia majini si wanaelea?

Breki alicheka kidogo, bila kupenda. Kopo lilikuwa limeanza kupoa mikononi mwake, na jioni ilikuwa inakuja, na jibu bado hana. Akaona heri aseme lote.

— Anataka kujenga mnara wa kamba. Anataka kukata mkaki.

Antena akashusha mguu wake.

— Mkaki wa Fumie, akasema Bi Achari.

— Sina mwingine.

— Si aifunge hiyo kamba kwenye huohuo mti? akauliza Antena.

Watatu wakamgeukia kwa pamoja.

— Kwenye mkaki? akasema Bi Achari. Wewe ulizaliwa hapa au ulishushwa? Tawi la mkaki hukatika bila kuaga. Mtoto wa miaka minne anajua haukwewi. Aliyeanguka mkakini hapimiwi dawa, hupimiwa sanda.

— Nilikuwa nauliza tu.

— Rudi kwenye plasta zako.

Breki aliutazama mti. Matunda yote yalikwisha kuchumwa, yakamenywa, yakatundikwa chini ya paa yakauke. Limebaki lile moja, maana la juu kabisa halichumwi. Huitwa mlinzi wa mti. Huachiwa ndege, na kuachwa kwake ni kuuambia mti asante na kuuomba uzae tena mwakani.

— Na tunda mmeshaliacha, akasema Bi Achari, naye alikuwa akitazama kulekule. Mmeuomba mti uzae mwakani, kisha mnauletea msumeno. Hata mbwa haitwi kula halafu akapigwa.

— Mnamkumbuka yule mchuuzi wa matunda? akasema Sumo. Yule wa gari la bluu, aliyekuwa akinunua makaki ya mji mzima? Mwaka ule yalipoadimika alimwambia Fumie, na lile la juu nalo nauziwa kwa bei gani?

— Nakumbuka, akasema Bi Achari. Nilikuwapo nikiosha figili. Fumie akamwambia, hilo sijui bei yake. Mchuuzi akadhani anapandishiwa, akataja bei. Akaongeza. Fumie akamwambia tena vilevile, hilo sijui bei yake, akaingia ndani kupika.

— Mjinga, akasema Antena. Angeuza.

— Ndipo ninapotaka kufika, akasema Sumo, macho yakimng'aa. Ile zawadi ya runinga ndiyo hiyohiyo. Ni kaki la juu. Wanaiacha makusudi isichumwe. Mtu mwenye akili zake hupita chini akaliangalia na kwenda zake, ila ndege tu ndiye hajui. Mwanao ni ndege, Breki, nisamehe.

— Ndege hulila lile tunda, akasema Antena. Mwanao atakula matope.

— Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, akasema Sumo. Matope nayo ni mchuzi.

Wakati huo kigari cha kupeleka mizigo kilisimama. Akashuka dada mmoja aliyevaa kofia ya kazi, mgeni mjini, aliyepewa njia hii wiki iliyopita tu. Akawainamia wazee kwa adabu, akatia sarafu kwenye mashine, akabonyeza kahawa ya moto. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

— Imekwisha, mwanangu, akasema Bi Achari. Tumeimaliza kwa kubishana.

— Mnabishania nini, bibi?

— Kama watu wanaokwenda kuanguka kwenye mashindano ya runinga wanafuata hela au hawafuati.

— Aa. Dada akarudishiwa sarafu yake, akaifuta vumbi. Zawadi yenyewe ni yeni ngapi?

Antena akafungua kinywa. Akakifunga. Akamtazama Sumo, na Sumo akamtazama Bi Achari, na Bi Achari akalichungulia kopo lake tupu.

— Ni nyingi, akasema Antena.

— Nyingi kiasi gani?

— Walikuwa wanaitaja pale mwanzoni. Mimi mwanzoni huwa naweka chai.

— Si ni gari? akauliza Sumo. Au gari ni la yale mashindano ya kuimba?

Breki akaliweka kopo lake chini. Tangu asubuhi ameubeba mti wa mkewe kwenye mizani, na upande wa pili wa mizani hakuwahi kuweka kitu. Akatoa simu yake ya kukunja, akaifungua, akampigia Satoru kazini. Benchi zima likainama upande wake bila aibu.

— Satoru. Ile zawadi ni kiasi gani?

— Zawadi ya nini?

— Ya mtu akifika juu.

Upande wa pili zilisikika pampu za mafuta, na mtu akiomba afutiwe kioo.

— Sijui, baba, akasema Satoru. Sikuwahi kuuliza. Kwani wanatoa nini?

Breki akaisogeza simu mbali kidogo na sikio.

— Mjinga, akanong'ona Antena.

— Mjinga kabisa, akasema Bi Achari, lakini sauti yake ilikuwa imetoka kwenye chumvi. Sijui bei yake. Umesikia, Breki? Sauti ni yako, maneno ya mama yake.

— Baba? Upo? ikasema simu. Kama ni kuhusu mti, basi. Nitatafuta pahali pengine. Naweza kuomba hapa kituoni, nyuma ya mapipa.

— Nyamaza kwanza, akasema Breki. Yule mtu wa msumeno. Mwambie kesho asije.

— Sawa, baba.

Kijana alilisema hilo taratibu, kama anavyosema mtu aliyekwisha kulitegemea. Breki aliuangalia mkaki, kisha ukuta, kisha tena mkaki.

— Aje baada ya ndege kulimaliza lile la juu, akasema. Si kabla. Na kisiki akiache kama kilivyo, huenda kikachipua.

Akaikunja simu kabla hajajibiwa, maana hakutaka kusikia mwanaume akilia kwenye kituo cha mafuta. Yule dada wa mizigo alikuwa bado amesimama na sarafu yake.

— Kwa hiyo ni yeni ngapi? akauliza.

— Nenda kapeleke mizigo ya watu, mwanangu, akasema Bi Achari.

Kigari kikaondoka. Wazee wakabaki wakitazama juu ya mapaa mawili, mahali ambapo hapakuwa na ndege hata mmoja.

— Ndege wa mwaka huu wavivu, akasema Sumo. Mwaka jana lilikaa mpaka theluji ya pili. Na wasipolimaliza je?

— Kunywa kahawa yako, Sumo.

— Imekwisha.