Ndimu Ndani ya Boksi la Elibariki

Ni nani kati yenu hakumcheka Elibariki kwa ajili ya kile kipande cha ndimu? Msinyooshe mikono, ndugu waombolezaji, maana ile video wote tuliiona na wote tuliisambaza, na baadhi yenu mliovaa nyeusi leo ndio mliombatiza jina la Bwana Ndimu. Tunaulizana mapema tu, ili historia hii isije ikasomwa kana kwamba tunamzika malaika, jambo ambalo yeye mwenyewe lingemchekesha.

Marehemu Elibariki Akyoo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 katika kijiji cha Akheri, Meru, mkoani Arusha, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu baba yetu na wa mama yetu, ambaye anatusikiliza kwa simu kutoka nyumbani. Alisoma Shule ya Msingi Akheri kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari hadi 1992, akapata daraja ambalo familia imekaa kikao na kuamua lisisomwe, halafu akajifunza uchomeleaji mjini Arusha, na siku za kazi alikuwa akichomelea mageti pale Usa River, na siku za mapumziko akichoma nyama kwa mwenye bucha mmoja, ambaye wateja wake walianza kuulizia mchomaji kabla ya kuulizia bei.

Tarehe 8 Desemba 2001 alifunga ndoa na Joyceline, mjane wake aliyeketi hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto wawili, Anaeli mwaka 2003 na Upendo mwaka 2008. Mwaka 2004 jina lake lilitoka katika bahati nasibu ya viza, akafika Dallas na mkewe na mtoto mgongoni, wakapanga nyumba Lewisville, na hatua zilizofuata hazina haja ya kuelezwa kwa watu wa hapa, kwanza ghala, kisha ghala jingine, kisha leseni ya lori, ambalo aliliendesha kwa miaka mingi kwa sababu moja aliyoisema na moja asiyoisema: aliyoisema ni mshahara, asiyoisema ni bima ya afya, kwani Upendo alizaliwa na pumu, na kazi ya Joyceline ya kulea wazee, akisoma uuguzi pembeni, haikuwa na bima yoyote.

Kwenye malori ndiko alikokutana na Ngwali, mtu wa Wete, Pemba, mwenye maneno machache na viungo vingi, na urafiki wao ulianza kwa kubishana, kwa sababu Ngwali alimwambia waziwazi kwamba watu wa bara huchoma nyama kama wanaoiadhibu, na marehemu akamjibu kwamba watu wa pwani huikamulia ndimu mpaka inasahau ilikuwa ng'ombe. Kutokana na ubishi huo likazaliwa jiko la moshi, ambalo marehemu alilichomelea mwenyewe kutokana na tangi kuukuu la gesi, na ikazaliwa timu waliyoiita Ukoko, kwa heshima ya ile ngozi nyeusi ya nje ambayo kidari cha ng'ombe hujitengenezea kikikaa saa nyingi juu ya moshi wa mwaloni, na ambayo marehemu aliipenda kuliko nyama yenyewe.

Kwa wale mliofika kutoka nyumbani, ieleweke kwamba Texas watu hushindana kuchoma nyama kwa uzito ule ule ambao sisi hushindana kuchangia harusi, na kwamba waamuzi hawamwoni mpishi, wanaletewa boksi lenye namba tu, na sharti la mashindano yale waliyoshiriki ni kwamba ndani ya boksi kuwe na nyama na kusiwe na kitu kingine, hata jani. Masharti hayo Joyceline ndiye aliyeyasoma kwa sauti jikoni kwake, akawafafanulia kwa Kiswahili, akawasikiliza wakiyarudia kama watoto wa kipaimara, kwa hiyo ndiye aliyekuwa katibu wa timu, na ndiye aliyefunga boksi na kulipeleka kwa waamuzi kila mara.

Agosti 2019 marehemu alisimama kwenye ibada ya jumuiya, mbele ya wengi wenu, akatangaza kwamba wakishinda fainali ya mwaka ule ataacha lori Jumatatu yake na kufungua biashara, nanyi mkapiga makofi, na hakuna aliyemtazama mkewe.

Fainali ilifanyika Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2019, katika mji mdogo kaskazini ya Houston, marehemu akakata, Ngwali akapanga, Joyceline akapeleka, na walipokusanyika kusikia matokeo mwamuzi mkuu akatangaza kwamba boksi la Ukoko limefutwa, akaliinua watu walione, na juu ya nyama ile nzuri kulikuwa na kipande cha ndimu, duara jembamba, kimelala kama kofia. Marehemu hakutafuta mbali, alimgeukia Ngwali mbele ya umati na simu zikiwa zimeinuliwa, akamwambia, "Umeshindwa kuacha uswahili wako hata siku moja," na Ngwali akajibu, "Mie sikutia ndimu, ndugu yangu, na wewe wanijua," na marehemu akasema kwamba alidhani anamjua. Wanaume wawili wakigombana hawamwoni mwanamke aliyesimama katikati yao, na hivyo katibu wa timu hakuulizwa kitu. Ngwali alifungasha viungo vyake, akahamia Stafford, pembeni mwa Houston, akafungua mgahawa wake, na sisi huku tukaendelea kusema kwamba Mpemba yule alimharibia mwenzake kwa makusudi, wengine wakaongeza na uchawi, watu wazima wenye shahada.

Marehemu aliacha lori mwaka 2021, baada ya Joyceline kuhitimu uuguzi na kupata kazi yenye bima, akaanza na gari la chakula, kisha duka pale Lewisville, na nusu ya sherehe zenu zimelishwa na jiko lile. Alifanikiwa, hilo halina ubishi, lakini wateja wakisifu nyama alikuwa akisema kuna kitu imekosa, na hakuna aliyemuuliza ni kitu gani, kwa kuwa tulidhani anaringa.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hadi Agosti, madaktari walipomweleza ukweli kwa upole, akachagua kurudi nyumbani kwake Lewisville. Mwezi wa Septemba, alipokuwa amekataa kila chakula, alimnong'oneza dada yake Jerioth, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, kwamba anatamani ukoko, si wa jiko lake. Jerioth aliendesha gari hadi Stafford, akaagiza bila kutaja jina, ukoko mtupu bila nyama, na Ngwali, aliyekuwa kaunta, hakuuliza chochote, kwani duniani alimjua mtu mmoja tu anayeagiza hivyo, akafunga mwenyewe.

Boksi lilifunguliwa kitandani Jumapili, tarehe 21 Septemba, Joyceline akiwa anapanga mito, na pembeni ya ukoko kulikuwa na robo ya ndimu. Marehemu alicheka mpaka akakohoa, kisha akaigeuzageuza, akasema polepole, "Ngwali hukata ndimu robo, za kukamulia, miaka yote sijamwona akikata duara," na Joyceline akaweka mto chini, akatoka chumbani. Marehemu hakumwita. Aliomba simu, akampigia Ngwali, akasema, "Haikuwa wewe," na Ngwali akajibu, "Nilikwambia tokea siku ile," kisha akauliza alikuwa nani, na marehemu akautazama mlango aliotokea mkewe, akasema hajui, na huo, kwa kadiri tunavyofahamu, ndio uongo wa mwisho aliousema. Alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Joyceline.

Familia inawashukuru madaktari, na wauguzi waliokuja nyumbani na hawakuondoka kabla hajacheka, majirani walioacha nafasi zao za kuegesha magari kwa wiki nzima, madereva wenzake waliopokezana zamu ili wafike, kanisa na jumuiya, na wafanyakazi wa duka. Hatutaweza kuwataja wote, na wanaopenda kutajwa tunawaomba radhi.

Tumebakiza jambo moja, na tunalisoma kwa sababu mjane ameagiza lisomwe kama lilivyotokea. Juzi, pale msibani, Ngwali aliwasili kutoka Stafford na nyama yake, hakuingia sebuleni, alipita nyuma ya nyumba, akaondoa turubai kwenye jiko la tangi, akawasha kuni ili waombolezaji wapate kula, na baadhi yetu tukaanza kunong'ona, huyu naye ana uso gani. Joyceline alitoka na khanga zake, akasimama kando ya jiko, akangoja mpaka kila mtu amenyamaza, akasema hivi:

"Shemeji, ndimu niliiweka mimi. Niliikata nyumbani, nikaja nayo kwenye mkoba. Mngeshinda, angeacha lori, na mtoto alikuwa anapumua kwa bima ya lori. Nilidhani mtacheka, muanze tena mwaka unaofuata. Mlipogombana nilisema nitasema kesho. Ni mimi."

Ngwali alimsikiliza hadi mwisho, akaongeza kuni, na mpaka leo hajaondoka kwenye jiko lile.

Pumzika, kaka, kwa amani uliyomwachia mkeo. Jiko lina mtu.