Selekha mint Yarba na Mchi Mfupi

Ndugu na majirani mliokaa chini ya hema hili, na nyinyi mliosimama juani kwa sababu mikeka haikutosha: leo ni siku ya saba, na tunayemwombea ni mama yetu Selekha mint Yarba, muuza kuskusi wa mtaa huu wa Sebkha hapa Nuakchoti. Mimi ni Teslem, binti yake mdogo.

Marehemu alizaliwa katika kambi ya wafugaji kusini mwa Kifa. Kitambulisho chake kinasema tarehe 31 Desemba 1950, siku ambayo kwa hesabu za serikali nusu ya mtaa wetu ilizaliwa. Lililo hakika ni kwamba alizaliwa mtumwa, kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa, na bibi yake vivyo hivyo. Hakuna aliyemteka wala kumnunua. Alirithiwa pamoja na mbuzi.

Shule hakwenda. Watoto wa mabwana waliandika aya kwenye mbao zao, naye ndiye aliyechota maji ya kuzifuta. Siku moja mmoja wao alikwama katikati ya Sura ya Dhuha, na mama akaimalizia akiwa na kiriba mgongoni. Mwalimu alimfukuza kwa fimbo. "Alinifukuza, lakini aya niliondoka nayo," alikuwa akisimulia, akicheka mpaka mtandio unamwanguka.

Aliozwa kwa Salem, mchunga ngamia. Ruhusa alitoa bwana aliyemmiliki, na mahari akapokea bwana huyo huyo. Mwaka 1971 walijaliwa binti, Mabruka, na Salem akamchongea mchi mfupi kabla yeye mwenyewe hajachukuliwa na homa. Mabruka alipopata nguvu za kuushika, mama na mwana walitwanga uwele katika kinu kimoja, mchi mrefu ukipanda wakati mfupi unashuka, bila kugongana.

Mwaka 1979 binti wa bwana aliolewa upande wa Nema, mashariki ya mbali, na Mabruka akatolewa zawadi pamoja na mazulia na mito ya ngozi. Walikuwa kinuni alipoitwa. Aliweka mchi chini akasema, "Mama, usimalize, narudi sasa hivi."

Mwaka uliofuata, wakati wa ukame, mama aliwapeleka mbuzi kisimani asubuhi, akawaacha hapo hapo wakinywa, akapanda lori la kuja mjini. Alichochukua ni ule mchi mfupi.

Hapa aliolewa na marehemu baba yetu, Matalla ould Bilal, muuza mkaa. Mahari yalikuwa mavazi mawili ya buluu, na safari hii aliyapokea mwenyewe. Akayavaa yote mawili kwa pamoja, tena katika mwezi wa joto kali.

"Mke wangu, utayeyuka," baba akamwambia.

"Niache niyeyuke na mali yangu!"

Kazi yake mnaijua, maana wengi wenu mmekulia kwenye bakuli zake. Pia mnajua alivyotwanga: pigo, kisha kimya, pigo, kisha kimya. Jirani yetu Haby alizoea kumtania: "Selekha, unatwanga kama lori bovu!" Naye alikuwa akimjibu: "Na wewe unakula kama abiria wote wa hilo lori!" Nilipokuwa mdogo nilijaribu kuingiza mchi wangu katika kile kimya nimsaidie. "Toa mchi wako hapo," aliniambia. "Hiyo nafasi ina mwenyewe." Nilimwonea wivu dada ambaye sikuwahi kumwona, na huku nikimtamani.

Alimtafuta. Alituma salamu kwa kila dereva wa lori aliyeelekea mashariki. Mwaka 1996 alikwenda Nema mwenyewe, akamkuta yule bibi arusi, sasa mama mtu mzima.

"Selekha, unalia nini? Mabruka ni mwanetu."

"Haya, niitie. Nataka nimwone akikaa mkekani pamoja nanyi. Mtoto wa nyumba hukaa."

Hakuitiwa. Aliambiwa Mabruka yuko na mifugo, mpakani, na hakuna ajuaye ni wapi.

Kaka yetu Bilal, ambaye ni mwalimu, aliwahi kumsomea katika kitabu cha historia kwamba utumwa haukuwa kwetu tu: Warumi walikuwa nao, Wagiriki, Wachina, Waturuki, Wazungu waliovusha watu baharini, na wafalme weusi waliowauza. Alidhani atampunguzia uchungu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na kote huko, mama zao waliambiwa watoto wamepelekwa wapi?" Bilal alifunga kitabu.

Kisukari kilianza kumla miguu mwaka 2019. Alipoacha kusimama alitwanga akiwa amekaa, na alipoacha kutwanga aliomba kinu kikae karibu na mkeka wake. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, akazikwa baada ya Alasiri.

Siku hiyo nilirekodi tangazo la msiba kwa simu, nikalitaja jina la Mabruka, nikalisambaza. Habari ya kifo ina miguu mirefu kuliko salamu. Lilimfikia kupitia kwa mwanawe huko Basikunu, mpakani. Mabruka aliambiwa tangu utotoni kwamba mama yake alikufa kwa ukame. Kwa hiyo tangazo langu lilimpa mama na kumnyang'anya kwa sauti moja. Hilo linaniuma, na litaniuma.

Jana nilikuwa natwanga uwele wa sadaka ya leo, kwa mwendo wa mama, maana sijui mwendo mwingine. Mwanamke mwenye mvi, vumbi la safari mpaka kwenye kope, aliingia uani. Hakusalimia. Aliuona mchi mfupi ukutani, akauchukua, akainama. Mchi wake ukaanguka palepale, ndani ya kile kimya, wala michi haikugongana. Ndipo sote wawili tulipolia, na mikono haikusimama.

Marehemu ameacha watoto watatu: Mabruka mint Salem, Bilal na Teslem, wajukuu kumi na mmoja, watano wao tumewajua jana, na jirani yake Haby, ambaye hana tena wa kumtania.

Mama, amerudi. Uwele tumeumaliza. Pumzika, Mola akupokee kwa rehema zake.