Mshenga wa Mnazi wa Bondeni

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hifadhi, Mheshimiwa Diwani, wazee wetu, askari wa misitu wenzangu, na wewe binti yangu uliyekaa karibu na mlango kana kwamba nitakutoroka: nawasalimu nyote.

Nimeambiwa niseme maneno machache ya kuaga, maana leo nastaafu. Anayenifahamu anajua machache siyawezi, lakini leo nitajitahidi, basi mna bahati.

Mnaniita Mshenga, na wageni hudhani ni jina la ukoo. Minazi ya asili ya msitu wetu, tofauti na ile ya mashambani, ina dume na jike, kila mmoja na mti wake. Yule jike wa bondeni, dume lake liling'olewa na kimbunga, akabaki peke yake kama mjane ugenini. Nani angemwozesha? Kila msimu nilipanda mlimani kwa dume lililosalia, nikakung'uta chavua ndani ya kofia, maana mfukoni jasho huiharibu, nikashuka kichwa wazi juani, nikapanda ngazi na kumpaka maua yake kwa brashi. Misimu ikapita, posa ikakataliwa. Mwaka huu amekubali. Lipo tunda moja, dogo kama ngumi, nalo litachukua miaka kukomaa.

Marehemu mke wangu alimwita mke mwenza. "Haya, nenda kwa mwenzangu," alikuwa akiniambia akinimiminia chai, "ila huyo hakupikii." Natamani angeliona tunda hilo. Natamani angekuwepo leo anicheke na suti hii ya kuazima.

Je, mti nao humzoea mtu? Sijui. Mimi nimemzoea, na mazoea yana taabu. Nina hamu naye hata kabla sijaondoka.

Mheshimiwa Mkurugenzi, jana ulinikumbusha kwamba mstaafu ni mgeni kama wageni wengine, na kwamba kamba ya njiani, inayowazuia wageni wasiifikie miti, haimjui mtu. Ni kweli. Kanuni hiyo nimeisimamia mwenyewe, na wapo humu niliowarudisha nyuma bila hata kutabasamu. Siombi nivushwe. Naomba hili tu: tunda likianguka, lisiwekwe kabatini kwa maonyesho. Lipandwe kando ya njia, upande huu wa kamba, ili mzee aliyekata tiketi yake aweze kunyoosha mkono akaliguse jani.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Ufunguo wa geti huu hapa, Mheshimiwa.