Jumapili za Evaristo na Viatu Vyeupe

Pale mjini Lorica, mtaa unapokata kona kushuka mtoni, kuna benchi lililobaki baada ya duka la dawa kufungwa. Duka limekufa, benchi limerithiwa na wasio na kazi. Kila asubuhi Ña Chave hutua hapo na chupa zake za kahawa na vikombe vyake vidogo, hukunja miguu, hufungua masikio. Kahawa ilimpa riziki, lakini umbea ndio uliompa uhai, na kwenye benchi lile hajawahi kulala njaa. Mwisho wa kushoto hukaa Mzee Faili, aliyefagia mahakama miaka mingi hata akaamini kwamba sheria humwingia mtu pamoja na vumbi. Katikati ni Nusu Padri, aliyetoka seminari kabla ya kumaliza, kwa sababu ambazo kila mama wa Lorica anazijua na hakuna anayezitaja. Pembeni yake ni Mara Tatu, na jina hilo ni hesabu ya talaka zake. Na sasa, wiki ya tatu, kulikuwa na wa nne: Evaristo Doria, aliyerudi kutoka mashamba ya ndizi ya Urabá. Siku zote alichagua upande wa kulia. Ña Chave alikuwa ameshajua kwa nini: ukikaa pale, unauona vizuri mlango wa buluu wa Nubia, mtalaka wake, ng'ambo ya barabara. Alikuwa anauangalia tu. Kuvuka, hakuwa amevuka.

Alhamisi hiyo alikuja na boksi.

– Fungua basi tuone, mwanangu, alisema Mara Tatu. Unaliatamia kama kuku.

Evaristo akafungua. Viatu vyeupe, visigino virefu vyembamba, kishikizo kinameta. Kahawa aliyokuwa akimimina Ña Chave ikapita mdomo wa kikombe.

– Mama yangu! Hivi hata bibi harusi angeviiba.

– Jumamosi binti yangu Marelvis anatimiza miaka kumi na tano, alisema Evaristo. Napiga goti mbele za watu, namvua viatu bapa vya kitoto, namvisha hivi. Kisha namshika mkono, tunacheza valsi, dansi ya kuzungushana. Ndiyo kazi ya baba.

– Baba yupi? aliuliza Nusu Padri, kwa upole wa mtu anayedunga sindano.

Wote wakatazama ng'ambo. Mbele ya mlango wa buluu alikaa Edilberto, fundi wa feni, bwana wa Nubia, feni moja imelala mapajani mwake kama mgonjwa.

– Nubia kaniletea salamu kupitia mshonaji wa gauni, Evaristo akasema. Valsi atacheza huyo.

– Tena anafanya mazoezi! Ña Chave alishindwa kujizuia. Jioni, sebuleni, na ufagio! Dirisha wazi, watu tunaona. Moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, amekaza uso kama anafunga skrubu.

Benchi likacheka. Evaristo hakucheka, na Ña Chave akatamani kulirudisha lile neno kwenye chupa na kulifungia kizibo.

– Sikilizeni, alisema Mzee Faili, akanyoosha mgongo. Tusiongee kienyeji. Hukumu ilisemaje?

– Ilisema mtoto akae na mama yake. Mimi nitume matunzo kila mwezi, na nipewe Jumapili mbili katika kila mwezi.

– Matunzo ulituma?

– Sijakosa hata mwezi mmoja. Nimekula ndizi mbichi, lakini nimetuma. Muulizeni Nubia.

Ña Chave hakuhitaji kumuuliza mtu. Nubia mwenyewe alikwisha kulisema hapo hapo kwenye benchi: kwa pesa, Evaristo hana doa.

– Na Jumapili? aliuliza Nusu Padri.

Evaristo akafunika boksi.

– Urabá ni mbali.

– Hapo hapo! Mzee Faili akapiga paja. Hapo ndipo penye kesi! Jumapili zako hukuzichukua. Mtu asipochukua haki yake, inakwenda wapi?

– Inapotea, alisema Mara Tatu.

– Haipotei! Inalimbikizwa! Kama likizo ya mfanyakazi! Miaka kumi, Jumapili mbili kila mwezi, hizo zote mahakama imekuwekea. Unaingia kwa hakimu wa familia leo, saa nane mchana wakifungua tena, unasema: Mheshimiwa, naomba Jumapili zangu kwa mkupuo.

– Kwa mkupuo?

– Mfululizo! Mtoto anahamia kwako zaidi ya nusu mwaka, kila siku ni Jumapili. Hata Jumatano inaitwa Jumapili. Na valsi ndiyo riba.

– Haki haiozi, akasema Nusu Padri.

– Inaoza, alisema Mara Tatu. Mimi zangu zimeoza. Maji yakimwagika hayazoleki.

– Nani kasema hayazoleki? Mzee Faili akaruka. Nimezoa maji mahakamani miaka yote! Tambara la deki ni la nini?

Evaristo akatabasamu kidogo. Ña Chave aliona yale maneno yalivyomwingia, yakampasha moto kama kahawa kwenye tumbo tupu. Wiki tatu amekuwa akinywa moto wa namna hiyo, akiondoka jioni ameshiba hewa.

– Mimi naona shauri liko kwenye damu, alisema Nusu Padri. Hakimu aamuru vipimo. Asiye na damu ya binti asicheze.

– Kila mtu anajua kwamba mimi ndiye baba yake, Evaristo akasema.

– Ndiyo, lakini ikiandikwa na daktari, Edilberto atacheza bila kibali. Kucheza bila kibali ni kosa. Polisi wanasimama mlangoni, akiinua mguu tu, twende!

– Na keki wataikata wapi, kituoni? aliuliza Ña Chave.

– Nyamaza wewe, muuza kahawa, alisema Nusu Padri. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

– Ndiyo kusema nini?

– Kusema... huyo mtoto ana mama, sawa? Basi kilichobaki ni ulimwengu. Na Evaristo ametoka ulimwenguni.

Hapo hata Mzee Faili alimtazama kwa huruma.

– Wagawane, alisema Mara Tatu. Wimbo una dakika ngapi? Uzimwe katikati. Nusu ya kwanza fundi, nusu ya pili baba.

– Na viatu?

– Kuna miguu miwili, bwana! Kila mmoja avishe wake.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Wakabishana nani avishe mguu wa kulia, kwa kuwa wa kulia ndio wenye heshima. Mzee Faili akasema wa kulia ni wa mwenye hukumu, Nusu Padri akasema ni wa mwenye damu, na wote wawili walikuwa wanamtetea mtu mmoja lakini nusura wakamatane mashati. Mara Tatu alikuwa anazungusha kikombe chake kitupu.

– Mimi wa kwangu alipotimiza kumi na tano, alisema, niliambiwa na jirani. Karamu ilikuwa imepita, ananiambia: ile nyama ilikuwa nzuri. Nikasema, nyama gani?

Ña Chave akamjazia kikombe bila kuombwa.

Wakati huo alikuwa amesimama pale mwanamke mgeni, Doña Ligia, mtu wa milimani, aliyepanga chumba juu ya duka la nyavu. Alikuwa akingoja kahawa yake kwa adabu ya watu wa baridi, mikono imefumbatwa, hajui kwamba Lorica ukingoja kwa adabu utazeeka. Alikuwa ameyasikia yote, maana kijiwe kile kikibishana hata samaki mtoni wanasikia.

– Samahani, mabwana. Naweza kuviona?

Evaristo akampa boksi. Doña Ligia akatoa kiatu kimoja, akakigeuza, akatazama chini, kwenye soli.

– Vizuri sana. Binti anavaa namba ngapi?

Lilikuwa swali la dukani tu. Hakuwa na nia mbaya, maskini.

Evaristo naye akaitazama soli.

– Muuzaji alisema hivi ndivyo vya msichana.

– Msichana wa namna gani? Ni mrefu? Ana mguu mpana?

Mzee Faili akatazama ndani ya kikombe chake. Nusu Padri akaanza kusafisha miwani. Mara Tatu, aliyekuwa na watoto wa nyumba tatu, alikuwa anahesabu kitu kwa vidole akiwa amefumba macho, na hesabu ikamkataa. Watu waliojua Jumapili zinavyolimbikizwa na damu inavyopimwa, mguu mmoja wa mtoto uliwashinda.

– Nilipoondoka, alisema Evaristo taratibu, kiatu chake kilikuwa kinaenea hapa. Akafungua kiganja, akakitazama. Kilikuwa na taa kisiginoni. Alikuwa anakanyaga kwa nguvu ziwake.

Doña Ligia akarudisha kiatu kwenye boksi kama mtu anayemlaza mtoto.

– Maduka mengine hubadilisha, alisema, kama hakijavaliwa.

Evaristo akainuka. Mzee Faili akamshika shati.

– Wapi? Mahakama bado, mpaka saa nane!

Evaristo akajinasua. Akavuka barabara.

Wiki tatu, barabara yenyewe ya hatua chache. Ña Chave akasimama kabisa, akapanda juu ya kigoda chake, na asiulize mtu kama ni adabu. Maneno hayakufika, lakini macho yalifika. Walimwona Evaristo amevua kofia. Walimwona Edilberto akiweka feni chini, akijifuta mafuta kwenye suruali, akisita kutoa mkono, kisha akiutoa. Boksi likafunguliwa. Fundi akashika kiatu kwa ncha za vidole asikichafue, akakipima kwa kukilaza juu ya mkono wake kuanzia kwenye kifundo, akatikisa kichwa. Akakirudisha. Kisha akainua vidole vitatu. Halafu akainua saba.

– Thelathini na saba, alinong'ona Nusu Padri, kama anaitikia misa.

Fundi hakuishia hapo. Akaonyesha kisigino: kifupi zaidi, hivi. Akaonyesha kifundo cha mguu, akaupindisha mkono wake kama kitu kilichowahi kuteguka. Evaristo alikuwa anaitikia kwa kichwa, anaitikia, kama mwanafunzi aliyechelewa shule.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba, sauti ya msichana, kubwa, ya kudeka, benchi zima likaisikia:

– Babaa! Feni imezima tena!

Wanaume wote wawili waligeuka.

Mmoja ndiye aliyeitika.

Evaristo akabaki peke yake mbele ya mlango wa buluu. Akavaa kofia, akafunga boksi, akarudi barabara ile ile. Alipofika kwenye benchi hakukaa, na Ña Chave, ambaye katika maisha yake hajawahi kumwacha mtu apite bila kumuuliza, alifuta kikombe kwanza.

– Kasemaje, mwanangu?

– Nikabadilishe kabla duka halijafungwa saa sita. Kasema Jumapili watakuwa wanakula mabaki ya karamu. Nikitaka, nipite.

– Jumapili hii?

– Hii.

– Na valsi? aliuliza Mara Tatu.

Evaristo akahamisha boksi kutoka kwapa hili kwenda lile.

– Yeye ndiye aliyefanya mazoezi, alisema.

Akashuka kuelekea sokoni, upande wa jua, hakutafuta kivuli. Wakamtazama mpaka akapotea kwenye kona ya wauza samaki. Doña Ligia alikuwa bado amefumbata mikono, anatamani angeulizia hali ya hewa.

Mzee Faili akakohoa.

– Lakini kisheria...

Ña Chave akainua chupa ya mwisho, akaigeuza juu chini mbele ya macho yake. Tone moja likaning'inia mdomoni, likakataa kudondoka.

– Imekwisha, Faili, akasema. Nendeni nyumbani, wenye nyumba.