Kabati Lililokatwa Kwanza kwa Karatasi

Wale wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Wale wa salaam aleikum, nawasalimu pia. Mniache niongee haraka, kwa sababu nikikaa kidogo nitaanza kulia.

Mnanijua, nashona yunifomu hapa Kanduyi. Mzee wangu, baba ya watoto wangu, ni seremala. Sitamtaja, lakini yuko hapo nyuma anajifanya anaangalia viatu.

Ndugu zangu, nawaambia, miaka ile serikali ilipozuia kukata miti msituni, mbao kutoka Kitale zilipanda bei mpaka tukaona nyota mchana. Na mzee alikuwa na tabia moja: anachukua mbao nzima anakata mguu wa meza, anachukua nyingine nzima anakata rafu. Vinavyobaki, jikoni. Mimi nafurahia! Majirani walinionea wivu kuni zangu nyeupe, zimepigwa randa. Kumbe moto ule ndio ulikuwa unatumaliza.

Siku moja akaniambia anafunga karakana, anaenda Kitale kupakia magogo ya mashamba ya watu kwa lori. "Nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi, nikipata nauli." Wanaume wangapi wa mtaa huu walienda hivyo, na mpaka leo tunauliza habari zao? Nililia, siwafichi.

Ilibaki kazi moja, kabati la mteja wa Chwele, na mbao alizokuwa nazo alisema hazitoshi. Asubuhi moja nimetandika kitambaa mezani, napanga karatasi zangu za kukatia: mgongo hapa, mkono pale, kola naisukumia kwa pembe. Mkono wangu ukasimama. Mimi sikati kitambaa kabla vipande vyote havijalala. Mbona yeye anakata?

Nikachukua karatasi za kaki, nikakata kila kipande cha lile kabati kwa vipimo alivyoandika, milango, rafu, droo, nikavitandaza juu ya mbao zake uani. Akatoka, akacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka.

"Ati sasa unanishonea kabati?"

"Si uangalie kwanza, bana."

Akaangalia. Halafu akachuchumaa. "Hapa umekosea, mama. Mkasi hauli kitambaa, lakini msumeno unakula mbao. Acha nafasi ya msumeno kati ya vipande. Na hiki kigeuze kifuate nyuzi za mbao, la sivyo kitapasuka."

Nikamwambia kikigeuka hakitaingia. Akasema kitaingia. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Jamani! Miezi mingi huyu mtu hakubishana na mimi juu ya mbao, alikuwa anakubali kila kitu kama mgonjwa. Hapo ndipo nilipojua haendi Kitale.

Mbao zikatosha. Ni mgongo wa droo moja tu ulioungwa kwa vipande viwili, na mteja hakuuliza.

Nawashukuru kina mama mliokaa na mimi nikilia, mkalisha watoto wangu, na hakuna hata mmoja aliyemwita mzee wangu mvivu. Neno hilo lingemfukuza. Na kwako wewe mwenye kitu kidogo leo, nakuomba: kipange chote kabla hujakikata, na umwite mwenzako aangalie. Usione haya.

Zamani mwanamke hakukanyaga karakana ile. Siku hizi niko kwa cherehani, namsikia: "Mama, hebu njoo uone kabla sijakata." Naenda, hata kama mteja wangu anangoja.