Mzee Kabureta na Hesabu ya Macho Manne

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliokuja na magari yenu ya zamani mkayapanga kando ya uzio, poleni kwa msiba na ahsanteni kwa kufika. Familia imemtuma binti mkubwa wa marehemu, ndiye huyu anayesema nanyi, asome maisha ya baba yake, naye ameagizwa asome yote, pamoja na ukurasa mmoja ambao kama ingekuwa hiari yake angeuruka.

Marehemu, ambaye wengi wetu tumemjua kwa jina la Mzee Kabureta tu, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha nguo, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa baba mlinzi wa geti na mama muuza maziwa. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, akawa mwanafunzi wa kawaida katika masomo yote, isipokuwa hesabu, ambako dada yake anasema hakuwa hodari bali king'ang'anizi, maana hakukubali jibu lolote ambalo hakulihesabu mwenyewe kwa vidole. Mwaka 1964 alijiunga na shule ya ufundi, akatunukiwa cheti cha ufundi wa magari Desemba 1966.

Tarehe 2 Januari 1967 aliajiriwa katika gereji ya Idara ya Ujenzi, akakaa hapo miaka arobaini na moja hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2008, na kwa muda wote huo benchi lake lilikuwa lilelile, la pili kutoka dirishani, lenye bati la biskuti alimohifadhi jeti, zile pua ndogo za shaba za kupitishia petroli katika kabureta. Wenzake watakumbuka alivyokuwa akiinamisha kichwa juu ya injini, macho ameyafumba, kisha akataja ugonjwa wake, na mara nyingi alipatia, na siku alipokosea alinuna mpaka saa ya kufunga.

Mwezi Mei 1975 liliingia gerejini gari la Kijapani la mwaka 1971, la rangi ya maziwa, lile lenye taa nne za duara mbele ambalo watu hulitania Macho Manne, likiendeshwa na muuguzi mfupi aliyekisogeza kiti mbele mpaka magoti yakakaribia usukani. Kabureta ilikuwa imeziba, kazi ya nusu saa, ila marehemu aliifanya kwa wiki tatu, na muuguzi kila alipokuja kuulizia aliambiwa bado kidogo, mpaka siku alipomwambia, "Fundi, kama unanitaka mimi, sema, gari langu uniachie." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 21 Agosti 1976. Mama ndiye aliyeendesha kutoka ukumbini, na ndiye aliyeendelea kuendesha miaka yote, fundi wa watu akikaa kiti cha abiria na kusikiliza injini, hata mtaa mzima ukamcheka, naye hakujali hata kidogo. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa mwaka 1978, mdogo wake wa kiume mwaka 1981, na kitinda mimba mwaka 1986, aliyerithi kimo cha mama.

Tarehe 5 Juni 1993, akipita kwenye yadi ya vyuma chakavu, marehemu alikuta Macho Manne likikatwa kwa msumeno. Aliuliza yamebaki mangapi nchini, watu wakacheka, kwa kuwa hakuna aliyejua wala aliyeona sababu ya kujua. Siku hiyo alinunua daftari la jalada gumu. Gari la mama aliliandika namba moja, na ilipofika mwisho wa mwaka alikuwa ameorodhesha sitini na matatu. Tangu hapo kila Januari alichukua likizo, na baada ya kustaafu akatoa muda wake wote, akazunguka kuyahakiki, kwa sheria ambayo hakuibadili: gari ni hai pale tu alipolisikia likiwaka kwa masikio yake mwenyewe, kisha akaweka karatasi nyembamba juu ya namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na kuisugua kwa penseli mpaka namba itokeze. Lisipowaka, aliandika "limekwisha" kwa kalamu nyekundu. Katika kurasa zile limo lililoliwa na kutu, lililozama mtoni, na moja ambalo kuku wametagia kiti cha nyuma, na mwenye kuku alipobisha kwamba bado ni gari, marehemu alimjibu kwamba sasa ni banda, hongera.

Tarehe 19 Januari 2019 alifika kwa dada mmoja fundi cherehani, aliyeachiwa Macho Manne la kijani na baba yake. Gari liligoma. Dada yule alimsihi, "Mzee wangu, nipe wiki mbili, pampu ya mafuta iko njiani, usimfute baba." Marehemu alimjibu, "Binti yangu, daftari haliandiki kesho," akatoa kalamu nyekundu. Dada alilia, akaapa kwamba hatamwita tena nyumbani kwake, na hakumwita.

Mama yetu aliugua ghafla tarehe 2 Februari 2015, akaendesha mwenyewe hadi hospitali, na akafariki tarehe 9. Kitinda mimba ndiye aliyelirudisha gari, bila kugusa kiti, likafunikwa turubai uani. Sisi watoto hatukuwahi kuuliza. Marehemu mwenyewe alianza kusumbuliwa na moyo Machi 2023, akalazwa mara nne, na tarehe 30 Oktoba 2024, akiwa wodini, aliomba aletewe daftari, akaandika ukurasa wa mwisho, akaagiza usomwe leo mbele ya wenye magari wote. Unasema hivi:

"Namba moja limekwisha tangu mwaka 2015. Nimeliandika hai mara tisa na ni uongo. Kulitengeneza naweza, lakini ili niliwashe ningelazimika kurudisha kiti nyuma, na kiti kile kiko alipokiacha yeye. Namwomba radhi dada wa cherehani, niliyemnyima wiki mbili huku mimi nikijipa miaka. Msihesabu kumi na moja niliyoandika hai Januari hii. Yamebaki kumi."

Alifariki Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 76, miezi 7 na siku 29, watoto wake watatu wakiwa kando ya kitanda chake.

Siku ya Alhamisi binti mkubwa alimpigia simu dada wa cherehani, asije akausikia ukurasa ule kwa mara ya kwanza mbele za watu. Dada akasema, "Nitakuja." Leo saa moja na nusu asubuhi limeingia hapa uani Macho Manne la kijani, yeye akiwa kwenye usukani. Pampu ilifika Machi 2019, gari likawaka siku hiyohiyo, na kwa hasira akaapa mzee asijue, na miaka mitano mzee hakujua. Alishuka akasema, "Nimemletea gari lake la kumi na moja," kisha akafungua boneti. Binti mkubwa, ambaye hajawahi kushika penseli ile, aliweka karatasi juu ya chesisi akasugua, namba ikatokeza, akaiandika kwa kalamu ya bluu chini ya maneno ya baba yake. Kiti cha mama hakijaguswa, na familia imekubaliana kisiguswe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao waliruhusu daftari lenye harufu ya petroli kulala chini ya mto wa mgonjwa, majirani waliopika na kufagia bila kuombwa, na mafundi wa gereji waliolibeba bati la biskuti mpaka hapa. Wenye magari, tunawaomba jeneza likishatolewa muwashe injini, moja baada ya nyingine, bila haraka, kwa sababu alikuwa akihesabu kwa masikio.

Pumzika kwa amani, baba. Yamebaki kumi na moja.